Dereva wa kipanya

"Madamu, leo na sisi tunawasha, au tunafuta tu?"

Aliyeuliza alikuwa binti wa kidato cha pili, mkononi ana kitambaa ambacho zamani kilikuwa sketi ya shule. Swali lake halikuwa na kiburi hata chembe. Alitaka kujua utaratibu tu: kama ni kufuta, amalize upesi akanawe, kama ni kuwasha, abaki. Nilifungua mdomo nimjibu nikakosa la kusema, maana jibu la kweli lilikuwa la aibu. Tangu chumba cha kompyuta kifunguliwe, wiki tatu nzima, kila Jumatano ya klabu ya kompyuta nilikuwa nawapanga wasichana wafagie, wafute vumbi, watoe utando wa buibui, halafu nawaita wavulana waje "kunisaidia na nyaya". Sikukusudia. Hakuna siku niliyokaa nikaamua hivyo. Mdomo ulikuwa unajisemea wenyewe: mabinti, ufagio uko wapi? Vijana, hebu njooni hapa.

Na mimi mwenyewe ni mwanamke. Nafundisha hisabati mwaka wa kumi na moja sasa, nilisoma PCM, yaani fizikia, kemia na hisabati, kwenye darasa lenye wasichana wanne, na hadi leo kikao cha walimu kikianza, macho yote yananigeukia mimi nimimine chai. Ningetegemewa nijue.

Shule yetu ni ya kata, upande wa Muheza, huku ambako basi la Dar likisimama dakika mbili tu linazungukwa na mabeseni ya machungwa. Kompyuta tulipewa kumi na moja. Zilishatumika ofisini kwa watu kabla hazijageuka kuwa msaada. Moja ilikuja bado imebandikwa karatasi ya MHASIBU. Saba ziliwaka. Nne tukazifanya spea, na ndani ya mojawapo tulimkuta mjusi aliyekauka kama dagaa. Wavulana waliruka nyuma. Aliyemtoa kwa vidole viwili ni msichana, akamtupa dirishani, akaendelea kufuta.

Baada ya swali lile, Jumatano iliyofuata sikufundisha. Nilikaa nyuma na daftari, nikapiga mstari katikati ya ukurasa, nikawa naandika kitu kimoja tu: mkono wa nani uko kwenye kipanya. Mashine saba, wanafunzi ishirini na wanane, wasichana kumi na tano. Kila baada ya dakika tano nainua macho. Mara ya kwanza: wavulana saba, wasichana hakuna. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu nikampata msichana mmoja, kwa kuwa mvulana wa mashine ile alikuwa ametoka kwenda chooni. Aliporudi, yule binti alinyanyuka mwenyewe. Hakufukuzwa, hakuambiwa neno. Alimpisha kama unavyompisha mzee kwenye basi.

Siku hiyo niliacha kuamini habari ya kwamba wasichana hawapendi kompyuta. Nimeisikia miaka mingi, na ofisini kwetu ilikuwa inasemwa kama vile ni jambo la hali ya hewa. Lakini hawa kumi na tano walikuwa wamekuja kwa hiari yao, wana njaa ya mchana, wamesimama saa nzima nyuma ya mabega ya watu wakichungulia kioo. Kitu usichokipenda hukisimamii hivyo. Walichokosa ni kiti.

Basi nikaweka sheria ya barabarani. Mashine moja, watu wawili. Nusu nyingine ya klabu inafanya kazi ya karatasi chini ya mwembe, kisha wanabadilishana. Kati ya wale wawili mmoja ni dereva, mmoja kondakta. Dereva anashika kipanya na kibodi, ila hana ruhusa ya kuamua njia, anakwenda anakoambiwa. Kondakta ndiye anayejua tunakwenda wapi, ndiye anayesema twende, kata kona, shusha, lakini mikono yake ikae magotini. Dakika kumi zikiisha nagonga meza, wanabadilishana viti.

Darasa lilicheka mpaka mwalimu wa chumba cha pili akaja kuchungulia. Mtu aliyewahi kufika Dar anajua kipanya ni nini: ni ile Hiace ya abiria ambayo mnakaa magoti yenu yakiwa mbavuni kwa jirani. "Madamu, kwa hiyo mimi dereva wa kipanya?" Ndiyo mwanangu, na leseni nimekupa mimi.

Nilikuja kujua baadaye kwamba hata wanaoandika programu kwa mshahara wana utaratibu wa namna hiyo, wawili kwenye mashine moja, na kwao pia mwenye kibodi huitwa dereva. Mimi nilikuwa natafuta tu njia ya kumtoa mtu kwenye kiti bila ugomvi. Ila utani ule ulifanya kazi ambayo hotuba zangu zilishindwa. Binti ambaye asingethubutu kumwamuru mvulana wa darasa lake alimpigia kelele, "Kata kona hapo, we dereva vipi!" na wote wawili wakaona ni mchezo.

Wapo wavulana walionuna. Mmoja, ambaye kwao kuna laptopu ya kaka yake, alinifuata ofisini kunieleza kwa adabu kabisa kwamba anapoteza muda kumsubiri mwenzake. Nikamwambia: hebu nielekeze namna ya kufunga tai, bila kuigusa tai yangu na bila kuonyesha kwa mikono. Alianza, akakwama kwenye fundo, akaanza upya, jasho likamtoka. Nikamwambia arudi darasani, siku akiweza kumwelekeza mtu kwa mdomo tu nitakuwa nimemfundisha kitu ambacho laptopu ya kaka yake haitamfundisha.

Tunatumia Scratch. Kwa asiyeifahamu, ni programu ya bure ya kujifunzia kuandika programu, iliyotoka chuo cha MIT kule Marekani mwaka 2007. Huandiki mistari ya maneno. Unavuta vipande vya rangi na kuvipachika kimoja chini ya kingine, na paka mmoja wa rangi ya chungwa, kana kwamba alijua anakuja Muheza, anatii. Kuna toleo linalokaa ndani ya kompyuta bila intaneti. Nililipakua mjini Tanga nikalileta kwenye flashi. Na ina Kiswahili: unafungua orodha ya lugha pale juu, unateremka mpaka unakikuta. Nilipoibadilisha nilitegemea shangwe, kumbe nusu ya darasa walitaka Kiingereza kirudi, kwamba mtihani ni wa Kiingereza na hawana muda wa kujifunza kitu kimoja mara mbili. Hoja hiyo sikuwa na jibu nayo. Tuna mashine nne za Kiswahili na tatu za Kiingereza, na wale wa kidato cha kwanza, ambao Kiingereza bado kinawatoa kamasi, hukimbilia zile nne.

Hapa naomba nikae kidogo, nimeshasema mimi ni mwalimu wa hisabati. Uwanja anaotembea yule paka umepimwa. Katikati ni sifuri kwa sifuri. Kulia kabisa ni 240, kushoto kabisa hasi 240. Juu 180, chini hasi 180. Namba hasi nimezifundisha kwa deni la dukani, kwa mstari wa namba, kwa kisima, na kila mwaka kuna watoto wananitazama kwa huruma kama mtu anayeongea peke yake. Sasa paka ananasa ukingoni upande wa kushoto na binti anajisemea, "Ah, nimemzidishia hasi."

Lakini kilichonikaa zaidi ni pembetatu. Mraba ulikuwa umetoka vizuri: nenda hatua 100, geuka nyuzi 90, rudia mara 4. Nikawapa pembetatu ya pande sawa. Hakuna asiyejua pembe zake ni 60, tumeimba wimbo huo tangu shule ya msingi. Yule binti wa kitambaa, jina lake silitaji, hapa nitamwita Chungwa kwa kuwa mama yake anauza machungwa stendi, siku hiyo alikuwa kondakta, na dereva wake ni nani kama si yule wa tai. Akamwambia aweke 60, arudie mara 3. Paka akaenda, akapinda, akaenda, akapinda, akaenda akasimama. Hakukuwa na pembetatu. Kulikuwa na kitu kama upinde, upande mmoja wazi.

"Programu mbovu," akasema dereva.

"Siyo mbovu. Weka mara 6."

Kikatokea kitu kizuri chenye pande sita, kimefunga kabisa. Wakakaa kimya wanakitazama. Mimi niko nyuma yao, ulimi unaniwasha, nimeuma midomo. Ndipo Chungwa akanyanyuka, akatoka nje mpaka kwenye mchanga wa uwanjani, akavua viatu akaviweka chini kama alama, akaanza kutembea. Hatua tano mbele. Akasimama. Akageuka kidogo, akatazama viatu, akaona bado; akageuka zaidi, na zaidi, mpaka akawa karibu kabisa kutazama alikotoka, ndipo akaenda tano nyingine. Akasimama, akazunguka vilevile. Tano za mwisho zikamfikisha kwenye viatu vyake.

Hakuvivaa. Alirudi mbio na mchanga miguuni, anasema kabla hajafika mlangoni: "Sitini ni ya ndani! Mimi napita nje. Weka mia na ishirini!"

Pembe ya nje. Imo kitabuni, nimeiandika ubaoni miaka yote hii, na sikuwahi kumwona mtu aliyeikuta kwa nyayo. Dereva akaweka 120, paka akazunguka na kurudi alipoanzia. Akasema "duh" kwa sauti ndogo, halafu akamuuliza Chungwa, si mimi, "Na ya pande tano?" Chungwa akaandika mezani kwa kidole: 360 gawanya kwa 5. Nikaenda zangu mashine nyingine kabla sijaharibu kitu.

Nisiifanye habari kuwa tamu kuliko ilivyokuwa, hata hivyo. Mwezi wa pili wa klabu wasichana wakaanza kupukutika. Klabu ilikuwa saa tisa na nusu hadi saa kumi na moja jioni, na ikifika saa kumi naona mikoba inakusanywa. Kumi na tano wakawa tisa, tisa wakawa wanne. Nilikasirika. Niliwaambia mstarini, mbele ya shule nzima, kwamba nafasi zikija wao wanazikimbia. Lile ndilo kosa langu jingine, na linaniuma kuliko la ufagio, maana Chungwa alinifuata baadaye kunieleza taratibu, kama mtu anayemweleza mgeni: "Madamu, maji yanafunguliwa saa kumi." Anayechelewa bombani anakaa foleni mpaka giza, na anayetumwa bombani si kaka yake.

Sikuwa na uwezo wa kuhamisha bomba. Ratiba ilikuwa ya shule, na shule ina mwalimu wa taaluma, nikaenda kumwomba. Ilichukua wiki tatu na maneno mengi. Mwisho nilipewa vipindi viwili vya michezo vya Jumatano, ndani ya saa za shule, na mwalimu wa mpira hajanisamehe hadi leo. Wasichana wote kumi na tano walirudi, wakaja na wengine wanne. Wapo wageni hutuuliza tulitumia mbinu gani kuwahamasisha. Nikijibu "tulibadilisha saa" wanangoja niendelee.

Kisha ikaja vita ya ufunguo. Ufunguo wa chumba ulikaa kwa mwalimu mmoja, na wavulana walikuwa wanauomba wakati wa mapumziko, kirafiki tu, "Mwalimu, tunaomba tukafanye mazoezi." Wasichana hawakuomba. Kuuomba maana yake ni kusimama mlangoni mwa ofisi ya walimu wanaume, kuulizwa unakwenda kufanya nini, na nani, kwa nini peke yako. Nikapendekeza ufunguo ushikwe na wasichana wawili, na kuwe na daftari la kusaini. Ofisi ikachafuka. Vitu vitaibiwa. Wataingiza wavulana. Hawawezi jukumu.

Nikauliza: sanduku la kikoba cha mama zao, kile kikundi chao cha kuweka akiba na kukopeshana, lina kufuli ngapi? Kila mtu pale anajua ni tatu, na funguo tatu zinakaa kwa wanawake watatu tofauti, na ndani mna fedha nyingi kuliko akiba ya mwalimu yeyote kati yetu. Mama anaaminiwa na sanduku, binti yake haaminiwi na mlango? Mkuu wa shule alicheka, na akicheka ujue imepita. Tangu siku hiyo kimepotea kipanya kimoja. Kilikutwa kwenye mkoba wa mwalimu, alikichukua kwa bahati mbaya.

Aprili ikafika. Alhamisi ya nne ya mwezi huo ni Siku ya Kimataifa ya Wasichana katika TEHAMA, iliyoanzishwa na Shirika la Mawasiliano la Umoja wa Mataifa, na imeadhimishwa tangu 2011. Tulialikwa mjini, wasichana kumi na wawili na mimi, Coaster ya kukodi, masika yamechachamaa, tope mpaka kwenye ngazi. Tulivalishwa fulana. Tulisikiliza hotuba sita, nilizihesabu, nne za wanaume, zote zikiwaambia wasichana kwamba wanaweza. Tulikula pilau, nzuri. Pembeni ya ukumbi kulikuwa na meza yenye laptopu tatu zimefunikwa kitambaa cha bluu, na hakikufunuliwa mpaka tunaondoka. Sitaki kuwataja, waliotualika walikuwa na nia njema na fulana bado zinavaliwa. Lakini ndani ya gari wakati wa kurudi dada mmoja wa kidato cha tatu alisema, "Wametuambia tunaweza mara nyingi sana mpaka nikaanza kuwa na wasiwasi." Tulicheka mpaka Pongwe.

Wiki iliyofuata nikawasimulia habari nyingine, ya ENIAC, moja ya kompyuta za kwanza za kielektroniki. Wakati wa vita kuu ya pili, jeshi la Marekani lilihitaji hesabu za mahali kombora litakapoangukia, na hesabu hizo zilifanywa kwa mkono, nyingi na wanawake, ambao cheo chao cha kazi ndilo lilikuwa neno lenyewe, kompyuta: mtu anayekokotoa. Ilipojengwa mashine ya kuwapokea kazi hiyo, kule Chuo Kikuu cha Pennsylvania, walichaguliwa wanawake sita kuipanga ifanye hesabu: Kay McNulty, Betty Jennings, Betty Snyder, Marlyn Wescoff, Fran Bilas na Ruth Lichterman. Hakukuwa na kitabu cha kuwafundisha. Walipewa michoro ya mashine, wakaisoma, wakaja kuchomeka nyaya na kugeuza swichi kwenye mtambo uliojaza ukumbi. Februari 1946 ilionyeshwa hadharani, na hesabu iliyowashangaza wageni siku ile waliipanga Jennings na Snyder. Usiku kukawa na karamu. Wao hawakualikwa. Miaka mingi baadaye watu walikuwa wakiziona picha zao wamesimama kando ya mashine, wakadhani ni warembo wa kuipamba.

Darasa lilinyamaza. Halafu Chungwa: "Na kufagia walifagia wao?"

Niliwaambia pia habari za karibu zaidi, za wasichana watano wa Kisumu, Kenya, ambao mwaka 2017 wakiwa bado shuleni walitengeneza programu ya simu iitwayo i-Cut, ya kumsaidia msichana anayetishiwa ukeketaji kuomba msaada au kutoa taarifa, wakaenda nayo California kwenye fainali za mashindano ya Technovation. Mwaka 2019 walikuwa miongoni mwa waliofika hatua ya mwisho ya Tuzo ya Sakharov, ile ya haki za binadamu ya Bunge la Ulaya. Wasichana wangu hawakuuliza habari za California. Waliuliza, "Walijuaje watengeneze nini?" Nikasema walianza na jambo lililompata mtu wanayemjua. Nikagawa karatasi: andika tatizo moja la nyumbani ambalo linahesabika. Nilipata kumi na tisa. Kuku wanaoibwa. Foleni ya maji, hiyo iliandikwa na saba. Bei ya machungwa, kwamba dalali anahesabu mia na mama anahesabu mia na hazilingani. Chungwa aliandika: "Daftari la kikoba."

Hapo katikati tulikuwa na mkutano wa wazazi, na nilisimama kueleza klabu yetu. Nikasema tunawafundisha watoto "kodi", nikimaanisha "code" ya Kiingereza, maelekezo anayoandikiwa kompyuta. Mzee mmoja nyuma akadakia, "Kodi gani tena, mwalimu?" ukumbi ukachafuka, maana mwezi ule watu walikuwa wameshalia vya kutosha na kodi. Tangu hapo nasema kuandika programu, na atakayesema kodi kwenye klabu yangu anapigwa faini. Nikawaomba watoe simu, wapige *150*00# ya M-Pesa. Menyu ikatokea. Nikauliza, haya maandishi, ukibonyeza hiki linakuja lile, ukikosea namba ya siri unaambiwa umekosea, kayaandika nani? Mama mmoja akasema, "Kampuni." Nikamwambia, kampuni haina vidole, mama. Kuna mtu alikaa akafikiri: kama akibonyeza moja, basi mpe hiki, la sivyo, mpe kile. Mtu huyo ana mama yake mahali. Wakatazama simu zao kidogo, kisha wakaniuliza kuhusu michango ya madawati.

Daftari la kikoba, sasa. Mama Chungwa ni katibu. Kila wiki anaandika wanachama ishirini: hisa walizonunua, kila hisa 2,000, mfuko wa jamii 500 kwa kila mmoja, na faini, 500 kwa aliyechelewa, 1,000 kwa asiyefika. Usiku anajumlisha kwa kibatari na kalkuleta ya simu, akikosea anaanza upya. Chungwa akaja shuleni na ukurasa aliounakili, akajenga programu yake ndani ya Scratch: paka anauliza jina, anauliza hisa ngapi, anazidisha kwa 2,000, anaongeza 500, anauliza faini, anajumlisha, anakwenda kwa anayefuata. Jumla akaiandika kwenye kikaratasi, akampelekea mama.

Wiki ya kwanza jumla ya mashine ilipungua 3,000 kuliko fedha zilizokuwa sandukuni. Fedha zikipungua kwenye kikoba ni balaa, lakini zikizidi ni balaa kubwa zaidi, maana ni za nani? Mama aliiamini mashine, hakujiamini yeye. Wakahesabu noti mara tatu. Mweka hazina akaulizwa maswali. Nusura kiitishwe kikao cha dharura, mpaka mama akaamua kunyamaza angoje wiki ya pili, nayo ikapungua tena, safari hii 2,500.

Chungwa aliitafuta hitilafu Jumatano tatu. Nilikuwa nimeshaiona Jumatano ya kwanza, nikanyamaza, na sikulala vizuri kwa kunyamaza kwangu, maana kuna watu wazima walikuwa wanatazamana vibaya. Alijaribu mama mmoja mmoja. Mama asiye na faini: sawasawa. Mama mwenye faini: pungufu. Akabadilisha vipande, akavirudisha. Dereva wake wa siku ile, bado ni yule wa tai, alikuwa anafuata kila neno mikono yake ikiwa pale inapotakiwa, na kwenye faini, kwa uvivu tu, akaandika 500 badala ya kunakili kilichokuwa kwenye daftari. Jumla ikatoka sawasawa.

"Umeandika nini?"

"Mia tano."

"Hapa imeandikwaje?"

Wakainama juu ya daftari. Mama, kama Mtanzania yeyote mwenye adabu zake, alikuwa ameandika 500/=. Na wiki zote Chungwa alikuwa anainakili hivyohivyo, 500/=, na 1,000/= pamoja na mkato wake. Scratch ikipewa kitu ambacho si namba tupu hailalamiki; inakihesabu sifuri na kuendelea na safari. Hisa hazikudhurika kwa sababu zilikuwa 1, 2, 3. Faini zote zilikuwa zinamezwa.

Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaongeza maneno kwenye swali la paka: andika tarakimu tupu, usiweke mkato wala alama.

Jumatano iliyopita mama alikuja shuleni, beseni lake kaliacha kwa mwenzake stendi. "Shikamoo mama," darasa zima. Nilitaka kumpa kiti cha pembeni atazame, nikasita, na binti yake akaniwahi: "Mama, wewe dereva. Mimi kondakta." Mama akapangusa mikono kwenye kanga, akashika kipanya kama mtu anayeshika kifaranga. Akaandika jina. Akaandika hisa. Paka akauliza faini, na mama akasoma lile onyo kwa sauti, neno kwa neno, akasimama.

"Nisiweke alama ya shilingi?"

"Usiweke, mama."

"Sasa itajuaje kama ni shilingi?"